Nyumba ya Tisa

Ambokile Mwansasu hakuwa na mke. Hakuwa na cheti chenye muhuri wa chuo chochote. Alichokijua alikisoma jioni kwenye darasa la watu wazima, matope ya shamba la viazi yakiwa bado kwenye visigino vyake. Hakuwa na jino moja la mbele, wala ndugu aliyebaki wa kumwita kwa jina la utotoni, wala koti lisilo na kiraka. Haya yote aliyajua, na hayakumnyima usingizi. Kilichomtesa ni kwamba kwa miaka hamsini na mmoja alikosa kitu ambacho hata mbuzi anacho: hakuweza kufurahi mpaka mwisho.

Si kwamba furaha haikumjia. Ilimjia kama inavyowajia wenzake. Viazi vilikubali, mvua ilikatika kwa wakati, jirani alimsifu. Lakini furaha ilipobisha hodi tu, kitu ndani yake kiliinuka kikasema, "Haitadumu. Hustahili. Subiri uone kinachofuata." Akaizima. Na kila aliyoizima ilimwachia giza zito kuliko lile la mwanzo, hata ikafika mwaka alipolala siku kumi na tisa bila kuona sababu ya kuvaa viatu.

Siku ya ishirini alipanda Daktari Nsia Mmbaga kutoka Kituo Kikuu cha Hali za Moyo. Alikuja kwa kiti cha waya, kile kinachopandisha watu na mizigo mlimani, akatapika njia nzima, akaingia chumbani kwa Ambokile akiwa amejifuta mdomo kwa kiganja. Akambandika nyuma ya sikio kidude cha ukubwa wa punje ya maharage.

"Hiki hakikupi furaha," alimwambia. "Furaha unayo. Hiki kitaishika mkono mlangoni kabla hujaifukuza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wazo la kuzima lilipoinuka, kidude kilililegeza kidogo, kama mtu anayesema ngoja kwanza, na katika ule muda mfupi furaha ilipata pa kuketi. Asubuhi ya kwanza Ambokile alikula kiazi cha moto chenye chumvi na akakimaliza akiwa bado anakifurahia. Alilia kwa shukrani, peke yake, ganda likiwa mkononi.

Tangu hapo ilipita miaka kumi na mitatu. Alijifunza vidude vile mpaka akapewa leseni ya ufundi, na mji mzima wa Itete Juu ukamwita Fundi.

*

Watu waliviita vidude vyote vipoza, ingawa nusu yavyo havikupoza chochote. Vilikuwa vya aina mbili kwa sababu watu huiharibu furaha kwa njia mbili. Wako wanaoizima, kama Ambokile, na hao huishia kwenye sonona. Wako wanaoichochea. Wakifurahi kidogo huanza kujitazama wakifurahi: mimi leo nang'aa, mimi naweza, mimi sishindwi na lolote. Kila wazo huleta kuni kwa linalofuata, moto ukapita dari. Hao huishia kwenye kupanda, na anayepanda halali, halii, hasikii, wala haogopi kitu ambacho angepaswa kukiogopa. Kwao kipoza kiliwekewa kikomo kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi. Furaha ikifika sita, kilipoza.

Mama Sekela alikuwa wa kupanda.

Alifika kibandani kwa Ambokile siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na mbili, akaketi kwenye kigoda cha wagonjwa bila kungoja kukaribishwa.

"Fundi, hebu niangalie. Hiki kitu chako kimenifanya mtovu wa adabu."

"Shikamoo zimeisha huko kwenu?"

"Shikamoo, Fundi. Sasa niangalie."

"Marahaba. Kimefanya nini?"

"Kimenigombanisha na Bibi Tupokigwe."

Habari yenyewe mji wote uliijua. Miaka saba nyuma, kabla hajawekewa kipoza, Mama Sekela alipanda. Aligawa vitanda, akagawa masufuria, kisha akamchukua binti yake Sekela, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, akamwambia wanakwenda kileleni kuyashika mawingu kwa mikono. Walikaa juu siku nne katika baridi. Nyumba kumi na mbili zilitoa watu wa kuwatafuta. Mwana wa Bibi Tupokigwe aliteleza kwenye mwamba akavunjika mguu mahali pawili. Mpaka leo anachechemea. Waliwapata mama anaimba na mtoto hapumui vizuri. Mapafu ya Sekela yaliuguzwa miaka saba, na mwezi uliopita ndipo daktari aliposema yamepona kabisa.

Pale Itete Juu jambo likitimia, mwenye jambo hutembea nyumba kwa nyumba kushukuru. Humwambia kila mtu alichofanya, kwa kukitaja: wewe ulileta blanketi, wewe ulikesha, wewe ulibeba. Hatumi mtu, hatumi ujumbe. Na kwa desturi iliyokuwapo tangu maporomoko makubwa ya udongo, shukrani huanza jua likichomoza na kwisha kabla halijatua. Isiyokwisha siku hiyo huhesabiwa haikutolewa.

"Nyumba ya kwanza nilikwenda vizuri," Mama Sekela alisema. "Ya pili, moyo umejaa, nasema mpaka nalia, nao wanalia. Natoka naelekea ya tatu, ndiyo kwa Bibi Tupokigwe, nasikia ubaridi nyuma ya sikio. Nikafika mlangoni kwake nimekauka kama muwa uliotafunwa. Nikasema, 'Nimekuja kushukuru kwa mguu wa mwanao.' Hivyo hivyo, Fundi! Kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika! Bibi akaniangalia, akaniuliza, 'Umemaliza?' Nikasema nimemaliza. Akafunga mlango."

"Ukaendelea?"

"Niende wapi tena? Nilirudi nyumbani. Sasa wanasema Mama Sekela ana majivuno, mtoto kapona naye kasahau waliomwokoa." Akajifuta pua. "Watu walinibebea mwanangu mgongoni, Fundi, nami siwezi hata kuwaambia asante ikaeleweka ni asante."

Ambokile alichukua kisomeo chake, kibao cha kioo chenye upana wa kiganja, akakigusisha nyuma ya sikio la Mama Sekela. Kumbukumbu za siku ile zikajitokeza. Mstari wa furaha ulikuwa umepanda mpaka sita na nusu kwa saa moja, na kipoza kikafanya kazi yake. Miguu ilikwenda haraka, maneno yalikwenda haraka, machozi, zawadi za kugawa, nyumba baada ya nyumba. Kila dalili ya kupanda ilikuwapo.

Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine, mwembamba, ambao mafundi wengi hawakuutazama. Ulionyesha mara ngapi mawazo ya mtu yanarudi kwake mwenyewe. Kwa mtu anayepanda, mistari hiyo miwili hupanda pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Kwa Mama Sekela, furaha ilikuwa juu na mstari wa nafsi umelala chini kabisa. Siku nzima ile alikuwa hajiwazi. Alikuwa akiwawaza watu wengine.

Ambokile alikaa na kibao kile muda mrefu. Akavuta kitabu cha maelekezo ya kiwanda, akasoma jinsi kikomo cha sita kilivyopatikana. Waliopimwa walikuwa mia nne. Walikuwa wamefungiwa chumbani, mmoja mmoja, wakapewa habari njema kwenye kioo ukutani.

"Nani wangemshukuru mle ndani?" aliuliza kwa sauti. "Kioo?"

"Unasema na mimi?" Mama Sekela aliuliza.

"Nasema na kitabu. Endelea kukaa."

*

Siku hiyo hiyo alipeleka ombi Kituo Kikuu, aongeze kikomo kwa siku moja. Jibu lilirudi kabla hajamaliza chakula cha mchana. Kikomo cha mgonjwa aliyewahi kuhatarisha mtoto hakibadilishwi. Fundi atakayekibadilisha atanyang'anywa leseni, na kipoza chake binafsi, kama anacho, kitachukuliwa kwa uchunguzi wa miezi mitatu.

Miezi mitatu. Ambokile aliweka kijiko chini. Alizihesabu zile siku kumi na tisa, akajiuliza tisini zingekuwaje.

Tena halikuwa jambo la hofu tu. Kituo kile kilimtoa kaburini. Daktari Nsia, ambaye sasa ndiye aliyekiongoza, alimpandia mlima akitapika. Je, kumkosoa aliyekuokoa si kuutemea mate mkono uliokuvuta? Alilizungusha swali hilo siku tatu. Siku ya nne alikutana na Sekela kisimani, msichana wa miaka kumi na minane, ndoo kichwani, akiimba huku akipanda mwinuko bila kutweta.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila hatoki. Anapitia nyuma ya mashamba asikutane na watu." Akatua ndoo. "Fundi, mimi nilikuwa naye kule juu. Najua anavyokuwa akiwa mgonjwa. Siku ile ya shukrani hakuwa mgonjwa. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Ulijuaje?"

"Kule mlimani hakuniona. Alinitazama, lakini hakuniona. Siku ya shukrani kila hatua tano ananiuliza kama nimechoka."

Ambokile alikwenda moja kwa moja kwa Mama Sekela. Alimwambia yote: leseni, miezi mitatu, hatari. Akamwambia atapandisha kikomo hadi nane na nusu, atatembea naye nyumba zote na kisomeo mkononi, na mstari wa nafsi ukiinuka atashusha bila kuomba ruhusa.

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza."

Mama Sekela alifikiri. "Mimi nikiwa nimepanda, hata ukiniuliza nitakudanganya. Sawa. Lakini wewe je, Fundi? Hiyo miezi?"

"Hiyo niachie mimi."

*

Waliondoka Jumamosi jua likichungulia, Mama Sekela mbele na kapu la mikate ya ndizi, Sekela kando yake, Ambokile nyuma akiwa na kibao.

Ilikuwa siku ambayo angeikumbuka maisha yake yote. Nyumba ya kwanza na ya pili walimpokea kwa mashaka, maana alikwisha kuwashukuru, naye akasema shukrani ya siku ile ilikatika njiani na iliyokatika haina budi kuanza upya. Nyumba ya tatu alimwambia mzee mmoja kipofu, "Wewe hukuweza kupanda, ukakaa njia panda unapiga debe usiku na mchana ili waliopotea wasikie. Nililisikia. Nilidhani ni ngoma yangu. Leo najua lilikuwa debe lako." Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka, akasema mkono ulimvimba wiki mbili na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nyumba ya tano walimjibu kwa vigelegele. Nyumba ya saba walimlisha kwa nguvu. Furaha ilisimama kwenye saba na nusu, wakati mwingine nane, na mstari wa nafsi umetulia kama maji ya mtungi.

Ambokile naye alifurahi. Kila mara kitu cha ndani kilipoinuka kusema haitadumu, kipoza chake kilikishika mkono, naye akashukuru kimyakimya.

Nyumba ya tisa walikuwa wameipanga iwe ya Bibi Tupokigwe.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, anamenya viazi. Hakuinua uso. "Umekuja kunisomea tangazo tena?"

"Hapana, Bibi." Mama Sekela alipiga magoti kwenye udongo. "Nimekuja kutaja. Mwanao Lwitiko alikuwa na safari ya kwenda kuchukua kazi siku ile. Aliiacha. Alipanda kwa viatu vya kanisani kwa sababu hakukuwa na muda wa kubadili. Akaanguka kwa ajili ya mtoto wangu. Na wewe ulimwona analetwa kwa machela, na bado ukampisha Sekela alale kitanda cha karibu na moto."

Kisu cha Bibi kilisimama. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke.

"Nani alikwambia kuhusu viatu?"

"Lwitiko mwenyewe. Nilimuuliza."

"Basi nimesikia," Bibi alisema. "Nimesikia, mwanangu. Inuka."

Lakini Mama Sekela hakuinuka. "Na huo mguu, Bibi, mimi nitaurudisha. Mimi nitamtafutia mguu ambao haujapata kuonekana. Nami sitaishia kwa Lwitiko. Wote waliopanda siku ile, mimi nitawajengea nyumba, nyumba za mawe. Mimi naona kabisa zilivyokaa. Hakuna atakayeugua tena hapa nikiwapo mimi..."

Kibaoni, mstari mwembamba uliinuka. Furaha nane na robo. Nafsi tatu, nne.

Kidole cha Ambokile kilikuwa juu ya kitufe, na hakikushuka.

Maana katika sekunde ile alijitilia shaka. Miaka hamsini na mmoja alikuwa mzimaji. Hakuna furaha aliyoiona asitake kuimwagia maji. Sasa mbele yake kuna mwanamke aliyepiga magoti akiahidi mema, na mkono wake mwenyewe unawasha kuzima. Je, ule ulikuwa ugonjwa wa Mama Sekela uliokuwa ukirudi, au ulikuwa ugonjwa wake yeye? Mtu hutoaje ahadi kubwa akishukuru, kama si hivyo? Nafsi tano.

Akatazama pembeni. Sekela alikuwa amesogea kwa mama yake, kidogo anayumba kwa uchovu wa njia, na mama hakumwona.

"Mama Sekela," Ambokile alisema. Hakupandisha sauti. "Unamwambia nani?"

"Nini?"

"Maneno hayo. Unamwambia nani?"

Mama Sekela aligeuka, macho yanawaka. Alifungua mdomo kumjibu kwa ukali. Kisha akatazama mikono yake, akamtazama Bibi, akamwona binti yake amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, akiupumzisha mwingine.

"Nilikuwa namwambia Bibi," alisema taratibu. "Mwanzo nilikuwa namwambia Bibi." Akavuta pumzi. "Sasa najisikiliza. Shusha, Fundi. Shusha haraka."

Alishusha. Mama Sekela alishika udongo kwa viganja vyote viwili ubaridi ulipomwingia, Sekela akamkumbatia kwa nyuma, na Bibi Tupokigwe, aliyekuwa hajui chochote kuhusu vipimo wala mistari, alisukuma sinia la viazi pembeni, akamlaza yule mwanamke mapajani kwake.

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia.

"Zimebaki nyumba tatu," Mama Sekela alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake. "Jua litatua. Zote zitahesabiwa hazikutolewa."

"Nani amesema?" Bibi aliuliza.

"Si desturi? Wazee wamesema."

"Wazee gani? Mimi hapa nina miaka themanini na nne. Hao waliosema iwe siku moja, niliwabeba mgongoni wakikojoa." Akachukua kisu chake. "Kushukuru nyumba kumi na mbili kwa pumzi moja hata mtu mzima wa afya angepata kichaa. Kesho utakwenda moja. Keshokutwa moja. Atakayeuliza, mleteni hapa."

Ambokile alicheka, pengo la jino likaonekana, naye kwa mara ya kwanza hakuweka mkono mdomoni.

*

Jumatano asubuhi, nyumba ya kumi na mbili ikiwa imeshashukuriwa na kikomo kimerudishwa kwenye sita, Ambokile aliketi mezani. Sheria ilitaka ungamo la fundi liandikwe kwa mkono na kwenda kwa karatasi. Aliandika.

Alieleza mstari wa nafsi. Alieleza wale mia nne na kioo chao. Alieleza nyumba nane zilizopita salama juu ya kikomo, na akaambatanisha vipimo vya nyumba hizo. Ilikuwa hoja nzuri, nzuri kuliko zote alizopata kuzijenga, na akaona wazi kwamba ikisimama hapo, Kituo kingebadilisha kikomo kwa wagonjwa wote wa milimani, na huenda leseni yake ingepona.

Nyumba ya tisa ingeiharibu. Mtu yeyote asiyependa hoja yake angeishika nyumba ya tisa na kuacha nane. Hakuna aliyeijua zaidi ya watu wanne, na watatu kati yao hawakujua kusoma kibao.

Alinyanyuka, akaosha kikombe kilichokuwa safi, akarudi.

Akaandika nyumba ya tisa yote. Aliandika maneno ya Mama Sekela kama alivyoyasema, na kwamba mstari ulifika tano. Aliandika kwamba yeye fundi alichelewa sekunde ishirini na mbili, na kwa nini alichelewa. Akaandika kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesema shusha, akapigia mstari maneno hayo, kwa kuwa aliona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote na hakuna kipimo kilicholitabiri.

Mwisho aliandika hivi:

"Daktari Nsia, hapa kwetu mtu hushukuru kwa kutaja. Miaka kumi na mitatu sijakutajia. Ulipanda kwa kiti cha waya ukitapika, hukurudi chini. Ulikaa sakafuni kwangu kwa sababu kigoda nilikuwa nimekichoma kuni. Uliniambia furaha ninayo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilidhani kukukosoa ni kusahau hayo; sasa naona nisingekueleza ukweli, ndipo ningekuwa nimesahau. Kama mtakichukua kipoza changu, nitakitoa kwa mikono yangu miwili, na kwa hiyo miezi Bibi Tupokigwe amesema nitakula kwake. Ahsante kwa kile kiazi cha asubuhi ya kwanza. Nilikimaliza."

Aliisoma mara moja. Kitu cha ndani kiliinuka kikasema barua ni ndefu, ni ya kijinga, aichane. Akakisikia, akakiacha kiseme.

Akaikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi na kuibana kwa kidole gumba kutoka kona mpaka kona. Akatoka nayo hadi kituo cha waya, akaiweka kwenye kikapu cha posta, akavuta mnyororo mwenyewe. Kikapu kikatikisika, kikaanza kushuka kuelekea bondeni.